Kalenda Inayobadilika kwenye Sita

Raudha Halidi alikuwa na sharti moja kwa kila aliyekuja mezani kwake, pale Maili Moja, Kibaha, kutaka ushauri wa kununua saa: taja fedha uliyonayo kweli, si ile unayotamani kuwa nayo. Magembe alipofika mara ya kwanza, pikipiki yake imebeba madumu ya maziwa, alitaja laki nne na nusu bila kupepesa macho. Alikuwa ameuza ndama dume.

"Baba yako anajua?" Raudha alimuuliza.

"Anajua, Fundi. Kaniuliza kama hiyo saa itazaa."

Magembe alikuwa na miaka ishirini na tisa, Msukuma aliyekulia kijiji cha Janga, ambako baba yake alihamia na ng'ombe kabla yeye hajaanza shule. Asubuhi aliuza maziwa mjini. Jioni alitazama kwenye simu video za watu wanaofungua saa. Hakutaka saa ya betri wala ya kung'aa. Alitaka saa ya Kijerumani, ya mashine, yenye uso mtupu na namba zinazosomeka, na alitaka Ujerumani wake uwe wa kweli.

Raudha alikuwa na miaka arobaini na sita. Meza, vifaa na kazi ya ufundi saa alivirithi kwa baba yake, na tabia ya kutozunguka maneno alizaliwa nayo. Alimweleza kijana mambo kama yalivyo. Junghans mpya ya mashine asingeiweza hata angeuza na mama wa yule ndama. Laco za bei ya chini ni saa ngumu, zinasomeka gizani, ila mashine zake hutoka Japani, na bado zingempita. Chapa changa za Hamburg na Berlin nazo zina sura ya Kijerumani na moyo wa Kijapani au wa Kiswisi.

"Si aibu," alisema. "Mashine ya Kijapani haina kosa. Kosa ni lako wewe, ukilipia jina huku ukidhani umelipia gia."

Ruhla za zamani zilikuwa rahisi, lakini nyingi ndani hazina hata kito kimoja, vile vijiwe vigumu vya kubebea gia. Chuma husaga chuma, na zikichoka zimechoka. Ilibaki Spezimatic. Hiyo iliundwa Glashütte, Ujerumani ya Mashariki, miaka ya sitini na sabini. Inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ina vito ishirini na sita, na mashine yake ni ya mji huohuo. Watu wa Pwani waliopelekwa kusoma huko enzi zile walirudi nazo mikononi. Nyingine bado zimelala masandukuni.

"Kwa laki nne na nusu," Raudha alisema, "hiyo ndiyo Ujerumani yako. Ikipita hapo, huna saa."

Walingoja miezi minne. Kisha mteja mmoja akamtajia Raudha mjane wa Kisarawe, Bi Mwamini, ambaye marehemu mumewe aliacha Spezimatic yenye kalenda. Raudha akapiga simu. Bi Mwamini akamjibu kwamba mnunuzi kutoka Dar, Yassin, ameshaiona. Amesema kalenda imekufa na spea hazipo, akaahidi laki moja na nusu. Angerudi Jumamosi asubuhi na fedha. Kama na wao wanaitaka, waje Jumamosi hiyohiyo.

Magembe aliposikia kalenda imekufa, uso ulimchanua. "Tarehe ninayo kwenye simu. Tutampa laki mbili, bibi atafurahi, na mimi nitabaki na chenji ya kununua mkanda."

"Tukaione kwanza," Raudha alisema.

Waliondoka na pikipiki mapema, wakakata kulia Kiluvya, wakatokea Mpuyani, Kisarawe, kabla jua halijawa kali. Bi Mwamini aliwapokea barazani, ungo wa korosho mapajani, anatenga nzima na zilizovunjika bila kuzitazama.

"Shikamoo, Bi Mwamini," Raudha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ni nani?"

"Shikamoo, bibi. Naitwa Magembe, wa Janga."

"Magembe." Bi Mwamini alisimamisha mkono. "Msukuma. Ng'ombe umewaacha wapi, kwenye mihogo yangu?"

"Nimewaacha kwa mtani mmoja Mzaramo. Hata hajawaona, amelala."

"Unawasikia hawa? Babu zao walikuja Pwani kubeba mizigo ya watu, na mizigo imekwisha zamani, wao hawaondoki."

"Tuliwakuta mmelala, bibi, tukaona si adabu kuondoka bila kuaga. Tunangoja muamke."

Bi Mwamini alicheka hadi korosho mbili zikaanguka, akamwamuru aziokote. Waliingia ndani. Yassin alikuwa ameshaketi kwenye kochi, kibegi cha ngozi magotini, shati limenyooshwa vizuri. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye duka Kariakoo. Alinunua saa kuukuu mikoani na kuziuza nje kwa mtandao. Alimsalimia Raudha kwa heshima, akaeleza mambo yake kwa mpangilio. Hakuwa mtu wa ujanja. Alikuwa amekosea, na mtu aliyekosea kwa nia njema ndiye mgumu kuliko wote kumwondoa kwenye kosa lake.

"Wiki iliyopita niliivaa hapa kwa muda, kwa ruhusa ya bibi," alisema. "Mwendo wake mzuri. Ila niliirekebisha kwa simu yangu, nikazungusha mishale kupima kalenda. Tarehe inabadilika kwenye sita. Inatakiwa kumi na mbili. Ndani kuna gia imeruka meno."

Saa ililetwa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Raudha aliitikisa, akaisikiliza, akatazama uso kwa lenzi ya jichoni. Uso ulikuwa safi, rangi ya maziwa yaliyokaa. Kingo zilikuwa na mikwaruzo ya kazi. Akavuta ufunguo, akaanza kuzungusha mishale mbele, taratibu. Ilikuwa tarehe kumi na saba. Mshale mfupi ulipita sita ya kwanza, tarehe haikusogea. Ulipofika sita ya pili, mrefu umesimama wima, kumi na saba ikaondoka na kumi na nane ikaingia dirishani. Alizungusha siku nyingine nzima. Palepale. Ya tatu. Palepale.

Alipomaliza ya tatu alikuwa ameshajua, na Magembe, ambaye kwa miezi minne alikuwa amejifunza kumsoma uso, aliona kwamba ameshajua.

"Fundi," alisema chini chini, "ni mbovu tu, si ndiyo?"

Raudha aliilaza saa juu ya kitambaa chake. Hali ilikuwa wazi kama maji ya mtungi. Akinyamaza, Magembe angepata saa kwa nusu ya fedha yake, na mjane asingejua kamwe. Akisema, bei ingepanda, na Yassin alikuwa na mfuko mrefu. Kijana alikuwa amemleta yeye, kwa mafuta yake, ili amtetee. Lakini mezani kwa baba yake kulikuwa na kanuni ambayo wateja wote wa Maili Moja waliijua: muuzaji na mnunuzi wanasikia maneno yaleyale, kwa wakati mmoja. Meza yenye maneno mawili, baba yake alikuwa akisema, ni sanduku la mbao tu.

"Gia iliyoruka meno," alimwambia Yassin, "leo ingebadilisha tarehe kwenye tano na nusu, kesho kwenye saba kasoro. Hii imebadilika mara tatu, na mara tatu mshale mrefu uko wima. Ubovu hauna adabu ya namna hiyo."

"Sasa ni nini?"

Raudha alimgeukia mwenye nyumba. "Bi Mwamini, marehemu alipokuwa akivaa saa hii, asubuhi saa moja, mshale mfupi ulikaa kwenye ngapi?"

Bi Mwamini alimtazama kama mtu aliyeulizwa mdomo wake uko upande gani. "Kwenye moja. Ungekaa wapi?"

"Kwenye saba, bibi," Yassin alisema.

"Saba ya nini, mjukuu wangu? Kaniuliza saa moja."

Yassin alitazama saa ya mkononi mwake mwenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa na mshale mfupi kwenye kumi, na ambayo yeye, kama watu wote wa nchi hii, alikuwa akiisoma saa nne tangu utotoni bila kujishangaa. Mtu huona kumi, hutamka nne. Amezoea kuvuka uso wa saa kwa kichwa hadi hajui kwamba anavuka.

"Marehemu, Mzee Mfaume, hakutaka kuona saba atamke moja," Bi Mwamini alisema. "Alikuwa bwana shamba. Walimpeleka Leipzig mwaka sabini na nne, miezi tisa, akarudi na saa na koti. Koti tulimpa mlinzi. Saa aliivaa wiki moja akaivua. Akasema, Mjerumani kaunda saa, hakuumba siku. Mbona anione nimeamka saa moja aniandikie saba? Akaipeleka kwa fundi."

"Kwa nini fundi?" Magembe aliuliza, maana udadisi ulimshinda huzuni. "Si angezungusha tu mishale hadi isome Kiswahili?"

"Angezungusha tu," Raudha alisema, "tarehe ingebadilika saa kumi na mbili, mshale mfupi ukifika kumi na mbili. Bwana shamba anaandika mvua kwa tarehe. Anataka siku iishe saa sita usiku. Kwa hiyo fundi aling'oa mshale mfupi, akaugeuza nusu duara, akaubana tena. Ikifika saa sita usiku, mshale uko kwenye sita na tarehe inabadilika. Ndivyo alivyotaka. Nimewahi kufungua saa tatu za hivyo, zote za wazee. Kalenda hii imesema kweli miaka hamsini. Amekuja mtu akairekebisha kwa simu, ikaonekana mwongo."

Yassin hakukasirika. Alifikiri kidogo, akasema, "Ni maelezo mazuri, Fundi. Lakini ni maelezo. Nionyeshe."

Hilo lilikuwa dai la haki, na Raudha alilipenda. Akafungua mkoba wake wa vifaa.

"Ukivunja?" Bi Mwamini aliuliza.

Mishale ile hainunuliki Pwani wala Dar. Raudha alijua, na Yassin alijua. "Nikivunja, nakulipa laki nne na nusu, leo."

Magembe alifumba macho. Hadi dakika ile hakuna aliyekuwa ametaja thamani ya saa ile ikiwa nzima.

Pangaboi lilizimwa. Raudha alitandika karatasi nyeupe mezani, akaomba kila mtu asiegemee meza. Alizungusha mishale hadi tarehe ilipobadilika, akaacha hapohapo. Kioo cha plastiki alikiinua kwa koleo lenye kucha nyingi, kikatoka bila sauti. Akafunika uso wa saa kwa kipande cha nailoni kilichokatwa katikati, ili chuma kisiguse rangi. Kisha akachukua nyenzo mbili ndogo, nyembamba kama kijiti cha meno, akaziingiza kulia na kushoto ya mshale wa sekunde. Huo ndio mwepesi kuvunjika kuliko yote. Alibonyeza mikono yote miwili kwa uzito uleule. Mshale ukapanda nusu milimita, ukaachia. Akaulaza kwenye kifuniko cha chupa. Mrefu ukafuata. Ule mfupi ulikataa.

Alingoja. Hakuongeza nguvu, alihamisha nyenzo robo duara na kujaribu upya, akasikia kwa vidole ule mlio mdogo ambao masikio hayausikii. Ukatoka.

"Njoo na lenzi yako," alimwambia Yassin.

Yassin aliinama. Raudha aliubana mshale mfupi kwenye kumi na mbili, kisha mrefu, wote wima, akamwachia mwenyewe azungushe ufunguo. Yassin alizungusha siku mbili nzima. Mara zote mbili tarehe ilibadilika kwenye kumi na mbili.

"Sawa," alisema, na kunyooka. "Nimekosea mimi."

Raudha alishika tena nyenzo. "Bi Mwamini, niirudishe alivyoiweka mzee?"

Bi Mwamini alikuwa ameshauza korosho miaka arobaini. "Inauzika zaidi ikiwa vipi?"

"Kwenye kumi na mbili," Yassin alisema.

"Basi iache hapo. Mwenyewe hayupo wa kuisoma." Akasogeza ungo pembeni. "Na ile laki moja na nusu ilikuwa ya mgonjwa. Mzima ni kiasi gani?"

Walimtazama Raudha, naye, huku akirudisha mshale wa sekunde na kioo, akasema yale yale ambayo angesema mezani kwake: uso safi, kalenda nzima, kingo zimekwaruzika, mafuta ya ndani ni ya zamani na inahitaji kusafishwa, kati ya laki nne na nusu na laki sita na nusu.

"Laki sita," Yassin alisema papo hapo.

Magembe alitoa bahasha yake yote, akaiweka juu ya meza. "Laki nne na nusu, bibi. Na utani."

"Mtani wangu," Bi Mwamini alisema kwa upole wa kweli, "utani una bei. Bei yake ni kikombe cha kahawa na korosho za kutafuna njiani. Hiyo laki moja na nusu unayopungukiwa ni bati za jiko langu."

Yassin alilipa. Bi Mwamini alimpa Raudha elfu ishirini ya kazi, Raudha akaipokea, maana kazi ilikuwa imefanyika. Magembe alirudisha bahasha mfukoni na kutazama dirishani.

Raudha alikuwa akifunga mkoba alipouliza, kama anauliza habari ya mvua, "Yassin, umekutana na ngapi nyingine zinazobadilika kwenye sita?"

Yassin alihesabu kwa vidole juu ya kibegi chake.

"Tatu. Moja niliiuza nje, kama saa ya spea. Mbili ziko kwenye droo dukani. Moja ya Rufiji, moja ya Maneromango."

"Salaale," Bi Mwamini alisema. "Mjukuu wangu umekuwa ukinunua wazima kwa bei ya maiti, na ukauza mmoja kwa bei ya mazishi."

"Hizo mbili nani atakufungulia?" Raudha aliuliza.

"Ninyi mafundi wa aina hii mmebaki wangapi?"

"Huku Pwani, namjua mmoja."

Magembe alikuwa ameshageuka kutoka dirishani. Alizaliwa kwenye nyumba ya wauza ng'ombe, na mnada aliunusa. "Hizo mbili, dukani umeziandikia bei gani?"

"Laki mbili na themanini. Kama mbovu."

"Nipe moja kwa laki nne. Ikithibitika nzima. Fundi atazifungua zote mbili, na atazifungua kwa sababu nimemleta mimi."

"Sikuletwa kuzifungua," Raudha alisema. "Lakini nitazifungua. Kazi ni elfu ishirini kila moja, na unalipa wewe Yassin, hata nikikuta imevunjika kweli."

Yassin alitazama saa iliyokuwa mkononi mwake, akapiga hesabu fupi, akampa Magembe mkono.

Jumamosi iliyofuata walikaa nyuma ya duka Kariakoo, chini ya taa nyeupe. Raudha alianza na ya Maneromango, ambayo ilikuwa nzuri kuliko zote, uso wa buluu iliyokolea, na ambayo Magembe alikuwa ameshaichagua kwa macho kabla hajaketi. Alizungusha mishale. Kwenye sita tarehe ikabadilika. Mara ya pili ikabadilika kwenye sita na dakika ishirini. Mara ya tatu haikubadilika.

"Hii ni mbovu," Raudha alisema. "Mshale uligeuzwa, na gia nayo imevunjika. Vyote viwili."

"Laki mbili na themanini basi," Yassin alisema, "kama ilivyoandikwa. Wewe si ulisema tarehe unayo kwenye simu?"

Magembe aliitazama ile buluu muda mrefu. "Fundi, unasemaje?"

"Nasema gia haipo, na ukiipata itagharimu zaidi ya saa. Usinunue."

Ya Rufiji ilikuwa na uso wa kijivu na mkwaruzo mmoja mrefu karibu na tisa. Mara tatu kwenye sita, mshale mrefu wima. Aliifungua, akaing'oa mishale mitatu, akamwonyesha Yassin na Magembe pamoja, maneno yaleyale. Magembe alihesabu laki nne juu ya kioo cha kaunta, taratibu, noti kwa noti.

Raudha alishika mshale mfupi kwa kibano. "Niubane wapi? Kwenye kumi na mbili ni kama ulivyotoka kiwandani. Ukitaka kuiuza siku moja, huko ndiko kwenye bei."

"Mzee wa Rufiji aliuweka wapi?"

"Kwenye sita."

"Alikuwa anasoma saa moja kwenye moja."

"Ndiyo."

Magembe alifikiri. Alikuwa mtu anayeamka saa kumi usiku kukamua, na kwa miaka ishirini simu na saa za ukutani zilikuwa zikimwambia ni nne. "Weka kwenye sita," alisema. "Nimelipia mashine ya Kijerumani. Siku ni zangu."

Raudha aliubana mshale, akarudisha kioo, akaiweka saa sawa. Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa umeipita tano kidogo.